Karatasi Zilizopigwa Pasi

Mwangaluka, ndugu zangu. Naona leo mmejaa. Msicheke, neno "naona" bado ni langu, sijamrudishia mtu. Nasikia mabenchi yanavyolia, nasikia watoto wananyamazishwa, na huko nyuma kuna mzee anakohoa kikohozi cha vumbi la pamba. Basi nimeona. Katekista ameniomba nisimame kwa sababu wenzetu wanne wanaanza darasa la nukta nundu wiki hii, na watu wa nyumbani kwao wako hapa. Kasema niseme kwa ufupi. Nitajaribu, ingawa wanaonijua wanajua. Majina ya watu sitayataja, maana wengine wamekaa humu humu, na wengine wameshalala.

Mimi ni mkulima wa pamba, wa upande wa Zagayu. Utotoni sikupelekwa shule. Baba yangu alisema ng'ombe hawachungwi kwa kalamu, ingawa waliochunga ni kaka zangu na mimi nilikuwa kwenye kinu. Nilipoolewa, tukahamia kijiji cha ujamaa, na huko ndiko kisomo cha watu wazima kilikonikuta, na mtoto mgongoni. Tulisomea kwenye ghala la pamba, tukitoka shamba la pamoja, ubao umeegemezwa kwenye magunia. Mume wangu alikuwa darasa hilo hilo. Nawaambia bila kuona haya, nilimshinda. Yeye alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, anakanyaga hili, anasimama, analitafuta lingine. Mimi nikishaanza nilikuwa sisimami. Nikawa nasoma barua za majirani, nikawa nasoma masomo ya Jumapili kigangoni kwetu. Na nilikuwa na majivuno, nakiri. Kitabu nilikifungua polepole makusudi, ili watu wapate muda wa kunitazama nikikifungua.

Halafu yakaja mambo ya macho. Ugonjwa wa vikope mnaujua, wengi wenu mnao. Kope zinageukia ndani zinachoma jicho. Mama yangu alikuwa akining'oa kope kwa kibano tangu nikiwa msichana, nami nikajifunza kujing'oa mwenyewe. Wanawake wa kwetu tulikuwa tunakaa mlangoni asubuhi tunang'oana kope kama wengine wanavyosukana nywele, na tunapiga soga. Hatukujua kwamba kope iking'olewa inarudi fupi na ngumu, na inakwangua vibaya zaidi. Siku nilipofika hospitali, daktari alinishika kidevu, akasema nilipaswa kuja zamani. Kovu lilikuwa limeshafunika. Jicho la kulia lilizimika kwanza, la kushoto likafuata baada ya mavuno mawili.

Hapo ndipo nilipoanguka. Sikuanguka kwa pombe wala kwa mwanamume. Nilianguka kwa kukaa ndani na kuwa mbaya. Chakula nikisema hakina chumvi, maji nikisema yananuka. Mume wangu, Mungu amrehemu, alichukua Injili yangu akawa ananisomea baada ya kazi, kwa ule usomaji wake wa mawe. Siku moja nikamwambia anyamaze, kwamba ni afadhali nisisikie kabisa kuliko kusikia hivyo. Alifunga kitabu, akakiweka mahali pake, akaenda kukamua. Neno hilo nimelibeba hadi leo, na leo nimelileta hapa mnisaidie kulibeba.

Mtu mwingine angeniacha nioze. Yeye alikwenda kuuza kuku hapa Bariadi, akarudi na habari kwamba parokiani kuna kijana mwalimu, haoni tangu kuzaliwa, anafundisha wasioona kusoma kwa vidole. Nilimwambia aache kunidhihaki. Alhamisi iliyofuata akaniweka nyuma ya baiskeli, akanifunga kiunoni kwa kanga ili nisianguke, tukaondoka. Na kila Alhamisi baada ya hapo, mpaka mvua zilipoharibu njia, na zilipokatika tukaanza tena. Alipokuwa akisukuma baiskeli kwenye kichanga nilimsikia anahema. Nilidhani ni kilima. Kumbe kifua chake kilikuwa kimeshaanza.

Ninyi mnaoanza, sikilizeni hili. Nukta nundu ni vitone sita, vitatu huku na vitatu kule, na herufi zote zinatoka humo. Unabana karatasi kwenye kibao cha chuma chenye vidirisha, unatoboa kwa msumari wenye kishikio. Unaandika ukitokea kulia kwenda kushoto, kinyume, kisha unageuza karatasi na vitone vinakuwa vimejitokeza upande wa pili, unavisoma kutoka kushoto kama watu wengine. Mimi nilipoambiwa hivyo nililia. Karatasi lazima iwe nene. Mwenye duka mmoja wa hapa mjini, Mwislamu, akawa anatuwekea kalenda zake za zamani, zile zenye picha za matrekta, maana karatasi yake ni nzuri.

Na mwalimu yule alikuwa na ugomvi mmoja na mimi. Nilikuwa nabonyeza sana. Msumari unatakiwa uinue karatasi bila kuipasua, lakini mkono wangu ni wa jembe, nilikuwa natoboa mpaka upande wa pili. Alikuwa akipitisha kidole kwenye kazi yangu na kusema, "Mama, hapa umechimba kisima." Nikiwa na hasira au uchungu, visima vinazidi. Alinikataza mwaka mzima, na hakufanikiwa.

Siku niliposoma mstari wangu wa kwanza bila kusaidiwa, mume wangu alikuwa amekaa nje ya darasa, kwenye kivuli cha baiskeli yake. Nilimsomea. Akasema kwamba sasa nami nasoma kwa mawe. Tulicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na kikohozi kile hakikukatika vizuri tena.

Alilala miezi minne. Alipoona siku zimekaribia, mchana mmoja akaniambia nilete kibao na kalenda. Akasema, "Andika. Mimi nikiandika watasema mwandiko wa mgonjwa." Akawa anasema, nami natoboa. Ilituchukua siku tatu, na zilitoka karatasi tano. Sasa nielezeni, au niwaeleze mimi, kitu ambacho mwenye kalamu ya wino hakijui. Ukiandika nukta kwa haraka, tena kinyume, na mwenye kusema anaishiwa pumzi, husikii maneno. Unasikia herufi. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye kitone cha kwanza na cha nne. Nilijiambia kwamba nitayasikia baadaye, nikiyasoma. Niliiamini karatasi. Neno moja tu lilinipenya, nalo lilimhusu binti yetu, mtoto wetu pekee, alikuwa na miaka saba. Aliposema neno hilo msumari wangu ulizama.

Alipofariki, zile karatasi nilizitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, nikamwambia mtu yeyote? Sikumwambia. Yale majivuno yangu ya kufungua kitabu polepole yalikuwa hayajafa. Nilitaka siku ya kuanua matanga, ukoo wote ukiwa umekaa, nisimame mimi kipofu niwasomee maneno ya ndugu yao.

Mama mkwe wangu alikuja kwenye msiba akakaa. Alikuwa mwanamke wa kazi, hasemi sana. Nyumbani kwake kulikuwa mbali, hakuwahi kuniona nikisoma kwa vidole. Kwetu, kabla ya nguo za marehemu kugawiwa, zinafuliwa na kunyooshwa, na kazi hiyo aliitaka mwenyewe. Alisema alimvalisha nguo ya kwanza na atamnyooshea ya mwisho. Nilimsikia uani na pasi ya mkaa, anapuliza, ananyunyiza maji, anakandamiza. Nilikuwa nasikia harufu ya kitambaa cha moto. Sikuwaza lolote, ndugu zangu. Nilikaa pale pale nikiwaza jinsi nitakavyosimama.

Siku ikafika. Kabla nguo hazijagawiwa nikaomba koti, nikasema marehemu ameacha maneno. Nikatoa karatasi, nikaweka vidole. Laini. Nikageuza. Laini. Nikashika ya pili, ya tatu, zote zimekuwa laini kama tumbo la sufuria. Vidole vyangu vilikimbia juu yake na havikukuta pa kusimama.

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu nami. Akaniita mwanangu kwa Kisukuma, akasema taratibu, kwa namna ya mtu anayetegemea kushukuriwa, "Nilizinyoosha, ng'wanone. Zilikuwa zimeota vipele, nikajua ni unyevu."

Sijui nilisema nini. Wanasema nilipiga kelele. Nilijaribu kueleza kwamba marehemu alitaka mtoto abaki na mimi. Shemeji yangu mkubwa akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba huzuni inaweza kumfanya mtu asikie mengi, na kwamba wote wameona karatasi ni picha za matrekta. Mahari ilishalipwa, mtoto ni wa ukoo, na mama asiyeona atamleaje. Walimchukua kesho yake asubuhi kwenda kwa shemeji, Kimali, huko Meatu. Binti yangu hakulia. Alinishika vidole kimoja kimoja, kama anavihesabu, kisha akaenda. Zile karatasi nilizitupa uani.

Mwaka mzima sikugusa kibao. Alhamisi zilipita, sikuwa na wa kunipeleka, na hata angekuwepo nisingekwenda. Mama mkwe alibaki nyumbani kwangu, akanipikia, akanichotea maji, akanilimia. Nami sikusema naye. Alikuwa akiniamkia kila asubuhi, mkwe mkubwa anamwamkia mdogo, nami nageuza uso. Yeye hakujitetea. Nilitamani ajitetee ili nipate pa kumpiga. Nilikuwa nampenda mume wangu na namchukia aliyemzaa, na vyote viwili vilikuwa tumboni mwangu kwa wakati mmoja. Watu wanasema chuki inachoma. Yangu haikuchoma, ilinilaza usingizi mzito, naamka nimechoka.

Ndipo asubuhi moja sikusikia salamu. Niliita, kimya. Jirani akaniambia kwamba bibi ameonekana njia ya Bariadi tangu alfajiri, peke yake, na fimbo. Na yeye macho yake yalikuwa yanakwisha kwa vikope vile vile, hilo nilikuwa sijui, sikuwa nimemwuliza.

Alikaa huko siku mbili. Aliporudi alikuwa na mtu, na nikaijua ile sauti kabla hajasema jina langu. Mwalimu. Yule mama alikuwa ameziokota karatasi siku ile ile nilipozitupa, akazificha chini ya mtungi wake wa nafaka mwaka mzima, akaamua kwamba kama yupo mtu aliyefundisha vipele, mtu huyo atajua kuvirudisha. Alimwambia hivyo tu, "Baba, nimeharibu, tengeneza." Ugomvi wenyewe hakumweleza, kwa kuwa aliona aibu.

Mwalimu alinipa mkono, akasema, "Mama, una bahati ya mkono mbaya. Pasi haizibi visima."

Hakutaka kunisomea. Alisema neno la marehemu lisomwe mbele ya waliolikataa. Balozi wa nyumba kumi akatuma ujumbe Kimali, na shemeji, nampa heshima yake, akaja. Tulikaa uani karibu na boma la minyaa. Balozi akanitoa mimi nikakae mbali kwenye zizi, ili isisemwe kwamba nimenong'ona, kwa hiyo haya niliyasikia kwa upepo na mengine nilisimuliwa. Mwalimu alipitisha vidole, akatikisa kichwa. Halafu akainua karatasi akaiweka mdomoni. Watu walidhani anaibusu. Kumbe mdomo, ndugu zangu, unasikia hata kile ambacho kidole hakikisikii, unasikia hata tundu la msumari. Akaanza kuitembeza karatasi kwenye mdomo wake, mstari kwa mstari, na palipokuwa laini alisema, "Hapa hamna." Akasema hamna, hamna, hamna, mpaka watu wakachoka. Kisha karatasi ya tatu akasoma, "Mtoto abaki na mama yake hata kama haoni."

Balozi akazichanganya zile karatasi kama karata akampa tena. Mwalimu akazipitisha zote upya, na neno likatoka pale pale, kwenye karatasi ile ile. Shemeji akauliza kama kuna lingine. Lilikuwepo moja tu lililosomeka, karatasi ya tano. Lilisema, "Mwambieni mama," na baada ya hapo palikuwa laini mpaka mwisho wa ukurasa.

Mama mkwe aliuliza, "Mwambieni mama nini?" Akauliza tena. Mimi kule zizini nilikuwa nimeshasimama, nilikuwa namjibu moyoni, kwa jibu la kikatili, kwamba ulilinyoosha mwenyewe. Lakini nilipomsikia anauliza mara ya tatu, kwa sauti ya mtoto anayegongea mlango, ile chuki yangu ikakosa pa kushika. Mimi nilipoteza maneno yake mengi, nikabakiwa na la kunirudishia mwanangu. Yeye alibakiwa na kuitwa tu. Nikaja nikipapasa ukuta wa minyaa, nikakaa karibu naye chini, nikamwambia, "Mwangaluka, mayu." Nilimwita mama. Ilikuwa jioni, na salamu ile ni ya asubuhi. Lakini nilikuwa namlipa za mwaka mzima.

Binti yangu alirudi baada ya mavuno. Sitawadanganya kwamba alinirukia. Alikuwa amezoea mama mwingine, na ilichukua muda kabla hajanishika tena vidole. Leo anasoma shule, ananisomea ya wino, mimi namsomea ya nukta, na usomaji wake ni wa mawe kama wa baba yake. Sijawahi kumwambia anyamaze.

Namshukuru mwalimu, aliyeko hapa na anayechukia kushukuriwa. Namshukuru mwenye duka wa kalenda. Namshukuru balozi aliyekuwa na akili ya kuchanganya karatasi. Na watu wa nyumbani kwa hawa wanne, nawaombeni kitu kimoja. Mkikuta kitu cha asiyeona kimeota vipele, ulizeni kabla ya kukinyoosha. Na ninyi wanne, msifiche mnachojifunza ili mje mshangaze watu. Watu wa nyumbani wawekeeni vidole vyao juu yake siku ya kwanza. Mimi ningemshika mama mkwe mkono nikamwekea juu ya nukta mara moja tu, pasi ile isingepita. Kosa lake lilianzia kwenye majivuno yangu.

Nina deni moja la kukiri, kisha nakaa. Mama mkwe wangu amefariki msimu huu wa kupalilia. Macho yalikuwa yameisha kabisa. Kusoma hakujifunza, umri ulikataa, lakini nilimfundisha neno moja, "mama", nalo alilijua kwa kidole vizuri. Siku zake za mwisho aliniomba nimletee ile karatasi ya tano. Akaniambia nisome. Nikasoma, "Mwambieni mama." Halafu nikaendelea. Nikapitisha kidole pale palipokuwa laini na nikasoma kwamba asilie sana, kwamba alimlea vizuri, kwamba nguo zake zilikuwa safi siku zote. Nilitunga. Mbele ya Mungu na mbele yenu, sikukumbuka alichosema, nikatunga.

Yeye akaweka kidole chake nyuma ya changu, akakifuata mstari mzima hadi mwisho. Akasema, "Hapa hamna kitu, ng'wanone."

Nikaanza kuikunja karatasi.

Akasema, "Rudia."